"Nguvu" ya Pampu: Istilahi Isiyotosheleza

Katika maelezo ya vipuri vya magari yaliyofasiriwa kwa Kiswahili, twakutana na fungu hili: "pampu ya petroli yenye nguvu". Kasoro yake si ya ufasaha tu.

Tuchukue mfano wa gari la zamani lenye kabureta, ambalo injini yake imeongezwa uwezo na pampu yake ya umeme imeharibika. Mwenye gari hana budi kujua mambo mawili kuhusu pampu mpya: hutoa lita ngapi kwa saa, na husukuma petroli kwa kanieneo gani. Injini iliyoongezwa uwezo hudai lita zaidi. Kabureta haidai kanieneo zaidi. Kabureta nyingi hutosheka na kilopaskali 20 hadi 35 hivi, ilhali mifumo mingi ya kunyunyizia petroli kwa umeme huhitaji 300 hivi. Akishauriwa kununua "yenye nguvu", huenda akafunga pampu ya mfumo huo wa pili. Petroli itaishinda vali ya boya na kufurika juu ya injini yenye joto, na gari laweza kuungua.

Kwa hiyo twapendekeza "kanieneo", neno la fizikia linalojieleza lenyewe, yaani kani juu ya eneo; na "kiasi cha mtiririko" kwa zile lita. Fundi asemaye "presha" hajakosea: ametenga dhana ambayo mfasiri ameichanganya. Mfasiri na aulize kwanza kipimo. Penye vipimo viwili pana dhana mbili, nazo hudai istilahi mbili.