Dola Mezani pa Mtendaji: Uhakiki wa Mikabala Miwili

Uchunguzi wa dola nchini Tanzania umeathiriwa sana na Issa Shivji. Katika kitabu chake cha mwaka 1976, anadai kwamba utaifishaji uliofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967 uliimarisha mamlaka ya warasimu juu ya uchumi na kuwafanya kuwa tabaka tawala. Hoja hii ina uzito, kwani inabainisha nani ananufaika na dola. Udhaifu wake ni kwamba inaitazama dola kutoka juu. Mwananchi anayengoja barua ofisini haonekani.

Pengo hilo linazibwa kwa kiasi na Michael Lipsky (1980), aliyewachunguza walimu, polisi na maofisa ustawi wa jamii nchini Marekani. Kwa mujibu wake, watumishi hawa wana kazi nyingi na nyenzo chache, hivyo hubuni njia zao za kuumudu mzigo huo. Njia hizo ndizo zinazogeuka kuwa sera halisi anayokutana nayo mwananchi.

Hata hivyo, mkabala huu hauwezi kuhamishiwa Tanzania bila marekebisho. Mtumishi wa Lipsky ni mwajiriwa ambaye kwa kawaida hana uhusiano na mteja wake nje ya ofisi. Balozi wa nyumba kumi, katika mfumo ulioasisiwa na TANU miaka ya 1960, alikuwa jirani na mwanachama aliyechaguliwa na wenzake. Hadi leo, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa inajengwa juu ya dhana kwamba mwombaji anafahamika. Mpangaji aliyehamia karibuni anaweza kuwa na haki zote kisheria na bado akakosa wa kumtambua. Hapa hiari ya mtendaji inatokana na uhaba wa nyenzo na vilevile na ujirani. Ujirani huohuo unaweza pia kumbana mtendaji, kwa kuwa anaishi miongoni mwa anaowahudumia.

Pamoja na hayo, kumchunguza mtendaji peke yake kuna hatari ya kumtwisha lawama ya maamuzi yaliyofanywa juu yake. Anayemwona karani tu atamwita mzembe. Anayeliona tabaka tu hatajua haki ilikwamia wapi. Kwa hiyo, mtafiti wa dola hana budi kulifuata jalada moja kutoka foleni hadi wizarani, akiuliza katika kila meza: nani ameamua, na kwa mamlaka gani?