Kuhesabu Taa Ukiwa Ufukweni

Usiku usio na mwezi, ukikaa ufukweni Kalemie, Ziwa Tanganyika hugeuka mji mwingine. Ni taa za wavuvi wa ndagala. Niliwahi kuzihesabu mara mbili katika saa moja: kwanza nikapata 64, nilipoanza upya nikapata 51. Hakuna mtumbwi uliozama. Wengine walikuwa wamezima taa, wengine wamefunikwa na wimbi, na ile niliyoidhani mitumbwi minne ilikuwa miwili iliyofungwa pamoja, yenye taa nne. Mbalamwezi ikishika, hesabu huelekea sifuri, maana taa haivuti tena ndagala na wavuvi hulala kwao.

Tangu usiku ule nawaonea wivu wanaohesabu kompyuta za Bitcoin.

Mtandao ule, ulioanza Januari 2009, hauna ofisi wala rejista. Kila kompyuta inayotunza daftari la malipo, yaani nodi, huzungumza na wenzake wachache tu, na hakuna mkubwa wa kumwuliza mko wangapi. Basi mhesabuji hubisha hodi. Programu yake huifikia nodi moja, hujitambulisha, kisha huomba anwani za majirani. Hupewa hata 1,000 kwa ujumbe mmoja. Hapo huanza kuzipitia: nyingi ni za watu waliokwisha kuhama au kuzima mashine, chache huitika, na kila inayoitika huombwa anwani zake nayo. Addy Yeow alianza kazi hiyo mwaka 2013 kwa mradi wa Bitnodes, na mzunguko hurudiwa kila baada ya dakika chache, kwa sababu nodi huwaka na kuzimika kama karabai. Mwaka 2018 zilizoitika zilizidi 10,000.

Swali la ziko wapi ndilo lenye utelezi. Anwani ya intaneti haibebi jina la mtaa. Mtu hulikisia kwa orodha zinazolinganisha anwani na mahali. Mwaka 2016 ilijulikana kwamba shamba moja karibu na Potwin, jimbo la Kansas, lilikuwa limebandikwa anwani zaidi ya milioni 600. Kampuni ya orodha hizo, MaxMind, ilijua tu kwamba anwani zile ni za Marekani, ikaziweka karibu na katikati ya nchi. Miaka kadhaa polisi na watu wenye hasira walifika pale kutafuta wezi wasiokuwepo. Kampuni iliposahihisha, ilihamishia alama ile ndani ya ziwa. (Sisi wa pwani ya ziwa tunaelewa: majini hakuna mlango wa kugonga.)

Miaka ya karibuni nodi nyingi zinazoitika hupitia Tor, mtandao wa kuficha mahali, ambako anwani haina nchi. Ninachokipenda kwa wahesabuji ni kwamba hawakuzigawa nodi hizo kwa kubuni. Katika jedwali la nchi, mstari wa kwanza si wa Marekani wala Ujerumani. Ni wa zisizojulikana.

Na mashine nyingi si lazima ziwe nodi nyingi. Huko Luviro, Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo, Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2020 kuchimba Bitcoin, yaani kushindania kuandika ukurasa mpya wa daftari, kwa umeme wa maji, mashine zikiwa zimepangwa ndani ya makontena. Lakini mchimbaji kwa kawaida hupeleka kazi yake kwa kundi la wachimbaji, na nodi huwa ya kundi, pengine bara jingine. Makontena yanaweza kunguruma usiku kucha na ramani isiweke hata nukta moja Kongo.

Sasa mchukue kijana wa Kalemie aliyejinyima mega hadi daftari lote, zaidi ya gigabaiti 500, likaingia kwenye kompyuta yake. Kampuni ya simu humpa anwani moja pamoja na wateja wengine wengi. Nodi yake inaweza kupiga, haiwezi kupigiwa. Ubishe hodi mwaka mzima, hutaisikia.

Hapo ndipo ufundi huu hunifanya nivue kofia. Mhesabuji huacha kubisha, hukaa kwake na kuhesabu wanaokuja. Tuseme, kwa namba za mfano, zinazoitika ni 10,000 na 10 kati yake ni zako. Kila nodi, yenye kuitika na isiyoitika, hujitafutia majirani kama 10 kwa kubahatisha. Ukishawachuja wapelelezi, ambao hupigia kila mtu, ukakuta kila nodi yako imepigiwa na 60, basi kwa nodi zote 10,000 simu ni 600,000. Gawa kwa 10, waliopiga ni 60,000. Toa 10,000 unazozijua. Zinabaki 50,000 ambazo hukuziona hata mara moja, na ya yule kijana imo humo, hata rezo ikikatika asubuhi.