Nyakati Zilizopita za Longonot

Kwenye lango la Mbuga ya Taifa ya Mlima Longonot, majina ya Kihispania ni mali ya kila mtu. Waongoza watalii wa hapa, na wenzao wa Hell's Gate upande wa pili, wanajua kwamba "jirafa" ni twiga, "cebra" ni punda milia na "búfalo" ni nyati. Mgeni kutoka Madrid au Bogotá ananyooshewa kidole, anatajiwa mnyama, anafurahi, anapiga picha. Wengi hukomea hapo. Anayetaka kwenda mbele hukutana na kizuizi kimoja, nacho ni wakati uliopita. Kwa jina unaweza kuonyesha kitu. Ukitaka kusimulia, sharti uwe na kitenzi, tena kitenzi kilichokaa katika wakati wake.

Na Longonot ni mlima wa kusimuliwa. Aliyehema hadi ukingoni anaona shimo kubwa lenye msitu ndani, kilele cha mita 2,776 ng'ambo, na mvuke mwembamba hapa na pale kwenye kuta. Mambo makubwa yote yamekwisha kupita. Mlipuko wa mwisho unakadiriwa kuwa wa miaka ya 1860. Mskoti Joseph Thomson alipita hapa katika safari yake ya 1883 hadi 1884, na swala tomi wanaokula nyasi chini ya mlima wamebaki na jina lake. Mwaka 1904 Wamasai waliondolewa kwenye bonde hili ili walowezi wapate ardhi. Mwaka 1970 kilifunguliwa kituo cha setilaiti cha Longonot, na mwaka 1983 mlima ukawa mbuga ya taifa. Mwongozaji asiyeweza kusema "ilikuwa" wala "ilitokea" atawapandisha wageni hadi juu, kisha atanyamaza.

Kuna mwongozaji mmoja mzee ambaye hanyamazi. Vijana wa langoni humwita Mwalimu, ingawa hajawahi kushika chaki. Kihispania alikipata kwa daftari, kwa simu, na kwa kuwasikiliza wageni wenyewe. Nimepanda naye mara kadhaa nikiwa nyuma ya kundi, na kilichonivutia ni jinsi anavyochagua vitenzi. Hana vingi. Ana "kuwa", "kwenda", "kuona", "kufanya", "kufika", "kupanda", "kushuka", "kuishi", "kuchunga", na vingine vichache, lakini kila kimoja anakijua pande zake zote.

Ugumu wa kwanza ni umbo. Sisi tunatanguliza nafsi, tunafuatisha wakati, kisha tunaweka mzizi: a-li-panda. Tukifika kwenye kitendo chenyewe, msikilizaji ameshajua ni nani na ni lini. Mhispania anaanza na mzizi, halafu nafsi na wakati anavibana pamoja mwishoni mwa neno. "Subí" ni nilipanda, "subiste" ulipanda, "subió" alipanda, "subimos" tulipanda, "subieron" walipanda. Aliyezoea kusikiliza mwanzo wa neno inambidi ahamishe sikio lake hadi mwishoni.

Ugumu wa pili umejificha kwenye mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wetu hufanya hivyo bila kuagizwa. Kwa Kihispania, "llego" kwa mkazo wa mwanzo ni nafika, na "llegó" kwa mkazo wa mwisho ni alifika. "Pago" ni nalipa. "Pagó" ni alilipa. Mwongozaji akiteleza hapo, Thomson hatakuwa amefika Longonot: atakuwa anafika mwongozaji mwenyewe, tena leo. Mwalimu hulifanyia hili mazoezi akiwa peke yake kwenye mwinuko, akikanyaga kwa nguvu pale mkazo unapoangukia. Lle-GÓ. Su-BIÓ. Mi-RÓ. Ukimwona kwa mbali unadhani mguu unamuuma.

Vitenzi vikaidi, vile visivyofuata kanuni, anavichukulia kwa utulivu. "Hacer", kufanya, huwa "hizo" kwa yeye aliyefanya. "Tener", kuwa na kitu, huwa "tuvo". "Ser", kuwa, na "ir", kwenda, hukutana kabisa katika wakati huo: "fui" ni nilikuwa na pia nilikwenda, na maneno yanayofuata ndiyo huamua. Vijana hulalamikia vitenzi hivi. Yeye huwaonyesha kwamba karibu vyote ni vile vinavyotumiwa kila siku, kwa hiyo kila siku mtu ana nafasi ya kuvirudia.

Lakini ufundi wenyewe uko mbele zaidi. Kihispania kina nyakati mbili zilizopita zinazotembea pamoja katika kila hadithi. Mmoja ni wa tukio lililoanza na kumalizika: "llegó", alifika. Mwingine ni wa hali iliyokuwa ikiendelea, au desturi iliyokuwapo: "vivían", walikuwa wakiishi. Vitabu hutoa orodha ndefu ya kanuni za kuzitofautisha. Mwalimu ana kipimo chake, amekichota katika Kiswahili. Sentensi ikikubali "-ka-" ya masimulizi, ni ya tukio: Thomson akafika, akapanda, akachungulia. Ikitaka "walikuwa waki-", ni ya hali: upepo ulikuwa ukivuma, ng'ombe walikuwa wakinywa maji. Si kila mara kipimo hiki kinatosha, lakini kwa hadithi ya mlima kinamfikisha mbali.

Siku moja kijana anayejifunza kwake alimuuliza kuhusu Wamasai.

"Mwalimu, kwa nini unasema 'pastoreaban'? Mimi nimezoea 'pastorearon'. Si yote ni walichunga?"

"Yote ni walichunga, kijana wangu. Lakini hiyo yako imefunga zizi. Walichunga, basi, yamekwisha. Yangu imewaacha na ng'ombe wao bondeni, vizazi kwa vizazi. Mgeni awaone kwanza wakichunga. Halafu ndipo mlete Mwingereza."

Kisha akawageukia wageni na kusema yote mawili kwa mfuatano: "Los masáis pastoreaban aquí. En 1904 los británicos los trasladaron." Wamasai walikuwa wakichunga hapa, mwaka 1904 Waingereza wakawahamisha. Kitenzi cha kwanza kimelaza bonde zima, cha pili kimelikata. Hakuongeza neno la uchungu wala la lawama. Mama mmoja wa Sevilla akauliza walipelekwa wapi, na hapo hadithi ya Laikipia, walikopelekwa, ikapata mlango wa kuingilia.

Kuna wakati mwingine tena ambao huwatatiza wanafunzi wengi, naye aliupata kwa wepesi. Wahispania wa Hispania wakizungumzia jambo la leo husema "hemos subido", tumepanda. La jana huwa "subimos", tulipanda. Wageni wa Mexico na wengi wa Amerika ya Kusini hutumia "subimos" hata kwa mambo ya asubuhi hii. Mwalimu ni Mkikuyu, na Kikikuyu hutenganisha kwa umbo la kitenzi jambo la leo, la jana na la zamani zaidi. Kwake, kumpa leo kitenzi chake si jambo geni. Kwa hiyo langoni huuliza kwanza wageni wametoka wapi, na mtu anaweza kudhani anawasalimia tu.

Msamiati wake nao umepangwa kwa haja ya njia. "Polvo" ni vumbi, na Longonot haikosi vumbi. "Ceniza" ni jivu, "sombra" ni kivuli, "cuesta" ni mwinuko, "despacio" ni polepole. Kuna maneno yaliyokuwa yakimsubiri: Mreno alituachia "meza" na "bendera", na Mhispania ana "mesa" na "bandera", Mwarabu alitupa sisi "sukari" na "zafarani", akawapa wao "azúcar" na "azafrán". Irabu ni zetu zile zile tano, na "ñ" ni "ny" ya nyumba. Vijana wakikata tamaa, huanza kuwatajia hayo, kisha huwarudisha kwenye vitenzi. Anajua faraja ya maneno yanayofanana haidumu mbele ya swali la kwanza la mgeni.

Ninachokistahi katika kazi yake ni kiasi. Angeweza kukusanya majina ya ndege wote wa Naivasha kwa Kihispania na kuwashangaza watu. Amechagua vitenzi vichache na hadithi moja ya kweli, anaisimulia upya kila anapopanda, na kila kundi linamsahihisha mahali fulani. Masahihisho hayo huyaandika jioni, tarehe pembeni.

Sasa anashughulikia hatua inayofuata: tukio lililokuwa limeshatokea kabla ya tukio jingine. Hadithi yake inaidai, kwa sababu mlipuko ulimtangulia Thomson. Mara ya mwisho nilipopanda naye alikuwa ameifikia, ingawa kwa mwendo wa tahadhari: "Cuando llegó Thomson, el volcán ya había hecho erupción y los masáis pastoreaban en el llano." Thomson alipofika, volkano ilikuwa imeshalipuka, na Wamasai walikuwa wakichunga bondeni. Nyakati tatu zilizopita katika sentensi moja, kila moja mahali pake, na mkazo wa "llegó" ukaanguka palipotakiwa. Kijana wake alimwomba airudie. Akairudia, kisha akamwambia aseme yeye.