Lugha juu ya Stempu za Ubelgiji: Usawa wa Karatasi

Wakusanyaji wa stempu huipanga historia ya stempu za Ubelgiji kwa wafalme, rangi na bei. Mpango huo wafaa kwa shughuli zao, lakini wamwacha mwanaisimu na njaa. Stempu ni matini, tena fupi mno, na kwa ufupi huo hulazimika kuchagua: ni lugha gani italitaja jina la nchi? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi jibu lilivyobadilika, na kwa nini kila badiliko lasomwa kwa tahadhari.

Stempu za kwanza zilitolewa tarehe 1 Julai 1849: moja ya santimu 10, ya rangi ya kahawia, nyingine ya santimu 20, ya buluu. Zote mbili zina sura ya Mfalme Leopold wa Kwanza. Jina la nchi halimo, na maneno machache yaliyomo ni ya Kifaransa. Katiba ya 1831 ilikuwa imeyaacha huru matumizi ya lugha, lakini serikalini uhuru huo ulikinufaisha Kifaransa. Mflandre aliyesema Kiholanzi alilipa santimu zile zile, akabandika lugha ya wenziwe.

Stempu za mwaka 1893 zilibeba majina mawili, «Belgique» na «België», pamoja na kipande kidogo cha kuchanika kilichoagiza, kwa lugha zote mbili, barua isipelekwe Jumapili. Aliyetaka ipelekwe hata siku hiyo alikichana. Sheria ya kusawazisha lugha hizo ilipitishwa tarehe 18 Aprili 1898; stempu basi iliitangulia sheria kwa miaka mitano. Je, tuisifu? Kwa kiasi. Kuongeza neno moja katika mchoro ni kazi nyepesi. Kusomeshwa kwa lugha yako ni jambo jingine: Chuo Kikuu cha Ghent kilifanywa cha Kiholanzi mwaka 1930 tu. Kuandikwa mlangoni si kuketi barazani.

Hata huko mlangoni pana ugomvi. Ferdinand de Saussure alifundisha kwamba maneno hufuatana katika mstari, hayatamkwi kwa pamoja. Majina mawili yakiwekwa sawa, bado moja litatangulia. Suluhisho lililopatikana baadaye ni kupokezana: stempu hii yaanza kwa Kifaransa, ile kwa Kiholanzi. Huo ni usawa wa zamu, nasi twauona kuwa wa kweli zaidi kuliko ule wa 1893, maana wakiri kwamba mpangilio nao una maana.

Lakini lugha ya tatu imebaki nje. Neno «Belgien» lilipigwa chapa juu ya stempu za Ujerumani wakati jeshi la nchi hiyo lilipoikalia Ubelgiji, 1914-1918. Mwaka 1920 Eupen na Malmedy zikaingia Ubelgiji pamoja na wasemaji wao wa Kijerumani. Leo Kijerumani ni lugha rasmi ya tatu, ila stempu kwa kawaida hutaja majina mawili tu. Neno lililoletwa na mvamizi halikupewa nafasi liliporudi na raia.

Kwetu jambo hili si geni. Stempu za Kongo za mwaka 1910 zilichapwa «Congo Belge» na «Belgisch Congo». Mwaka 1916 stempu za Kongo zilipigwa chapa ya Kifaransa na Kiholanzi kwa ajili ya sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyotekwa, hali Kiswahili kilikuwa kimekwisha kutumika huko katika utawala. Waflandre walikuwa wamepata haki ya jina lao. Haki hiyo ilipovuka bahari, ikawa nembo ya mtawala.

Kwa hiyo twamwomba mwanafunzi asihesabu lugha tu. Aulize pia ni nani anayeitwa kwa lugha hizo, na ni nani anayezisoma bila kuulizwa.