Rahisi Si Ghali Kila Mara: Hesabu ya Vilivyoachwa Kwenye Honda XR150L

Wahenga walituonya kwamba rahisi ni ghali, na kwenye soko la pikipiki onyo hilo limeokoa fedha za wengi. Kwa hiyo Honda ilipoanza kuiuza XR150L nchini Marekani mwaka 2023 kwa dola 2,971, mnunuzi mwenye busara alikuwa na haki ya kuuliza: wamepunja wapi? Hii ni pikipiki ya lami na vumbi, yenye taa na vioo vya kuiruhusu barabarani, na tairi na kimo cha kuiruhusu njia za msituni. Katika duka lilelile, ndugu yake CRF300L anauzwa kwa zaidi ya dola 5,000. Pengo la zaidi ya dola 2,000 halitoki hewani. Nikizisoma takwimu za pikipiki hizi mbili kipengele kwa kipengele, naona kwamba bei imeshuka kwa kuacha vitu, na kwamba karibu kila kilichoachwa kimeondoka na uzito wake na ugonjwa wake pia. Gharama iliyobaki haikutawanywa kila mahali. Sehemu yake kubwa imesukumiwa upande mmoja, nao ni kasi. Mmiliki asiyelijua hilo ataihukumu pikipiki yake vibaya tangu wiki ya kwanza.

Tuanze na injini, maana ndiyo inayomvunja moyo mmiliki mpya mapema. Ni silinda moja ya sentimita za ujazo 149, yenye kipenyo cha milimita 57.3 na mwendo wa pistoni wa milimita 57.8, vali mbili, kamshafti moja, kabureta na gia tano. Inapozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda. Nguvu yake ni takriban farasi 12. CRF300L ina sentimita za ujazo 286, vali nne, kamshafti mbili, mfumo wa injekta na maji ya kupozea. Akizilinganisha kwenye karatasi, mtu ataona upungufu mtupu. Lakini fuatilia kila upungufu hadi mwisho wake. Pasipo maji hapana rejeta, hapana pampu, hapana mabomba wala feni. Pikipiki ikilalia upande kwenye mawe, hakuna chombo chembamba cha kutobolewa kikakuacha kilomita 40 kutoka kijiji cha karibu. Vali mbili zina nafasi mbili tu za kupimwa, nazo hurekebishwa kwa skrubu na nati. Fundi yeyote mwenye kipimo cha vali na spana ndogo huimaliza kazi hiyo bila kuishusha injini.

Kwenye uzito lazima tuwe wakweli, kwa sababu neno “nyepesi” hutumiwa ovyo. XR150L ina kilo 128 ikiwa imejazwa petroli na oili. CRF300L ina kilo 140. Tofauti ni kilo 12, na hiyo haikupatikana kwa fremu ya alumini wala madini ya thamani. Imepatikana kwa kutokuwepo kwa vitu. Wepesi wa kununuliwa kwa madini huongeza bei, ilhali wepesi wa kuacha huipunguza, na ndiyo sababu pikipiki hii imeweza kuwa rahisi na nyepesi kwa pamoja. Maana ya kilo hizo huonekana pikipiki ikianguka. BMW R 1250 GS, pikipiki ya safari ndefu inayopendwa sana na wenye uwezo, ina kilo 249. Ikilala kwenye mchanga, mtu mmoja huhitaji ufundi, bahati au msaidizi. Kilo 128 mtu mzima mwenye afya anazishika usukani kwa mkono mmoja na sehemu ya nyuma kwa mwingine, anasukuma kwa miguu, na safari inaendelea. Anayejifunza njia za vumbi ataanguka mara nyingi, kwa hiyo kipimo hiki kina uzito kuliko farasi wa injini.

Kwenye fremu na springi ndipo ustadi wa wabunifu unapoonekana zaidi. Shokapu za mbele zina mwendo wa milimita 180 na ya nyuma milimita 150, wakati CRF300L ina milimita 260 mbele na nyuma. Mmiliki mpya akiruka tuta kwa pupa atasikia springi ikigota mwisho, na atasema pikipiki ni laini mno. Ni laini kweli. Hata hivyo mwendo mfupi wa springi umeruhusu kiti kikae milimita 833 kutoka ardhini, dhidi ya takriban milimita 880 za mwenzake. Sentimita tano hazionekani kubwa mpaka mtu wa kimo cha kawaida anaposimama kwenye mteremko wenye changarawe, gurudumu la mbele likiwa juu na la nyuma kwenye shimo. Mguu ukifika chini, anajizuia. Usipofika, anaanguka kabla hata hajaanza kwenda. Gurudumu la mbele nalo ni la inchi 19 badala ya 21 zilizozoeleka kwenye pikipiki za porini. Gurudumu kubwa huukabili ukingo wa shimo kwa mwinuko mdogo na hupanda kwa urahisi zaidi. Dogo hugonga kwa nguvu, lakini hukata kona za lami kwa wepesi. Kila mahali hapo kitu kimetolewa na kitu kimepokelewa, na anayepokea ni mtu anayekwenda polepole.

Bili yenyewe huletwa na mwendo kasi. Upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi, na nguvu ya kuushinda huongezeka kwa mchemraba. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, kasi imepanda kwa robo tu, lakini nguvu ya kuikata hewa imekaribia kuwa maradufu. Injini ya farasi 12 inayosafiri kwa raha kwenye 80 inakuwa imebakiwa na akiba ndogo sana kwenye 100. Upepo wa mbele au kilima kirefu huimaliza yote. Barabara kuu nyingi za Marekani huruhusu kilomita 105 hadi 120 kwa saa, na huko pikipiki hii haina kazi. Sitaki kulipamba jambo hilo. Lakini barabara za mashambani, mitaa ya mjini na njia za msituni zina hesabu nyingine kabisa, kwa sababu chini ya kilomita 60 kwa saa hewa ni adui mdogo. Kinachoamua huko ni uzito, breki na jicho la mwendeshaji.

Njia hii haikubuniwa mwaka 2023. Mwaka 1968 Yamaha iliingiza Marekani DT-1, pikipiki ya injini ya mipigo miwili yenye uzito uliozidi kilo 100 kwa kiasi kidogo na bei isiyofika dola 800. Kabla yake, nyingi za pikipiki zilizoitwa za porini zilikuwa za barabarani zilizoinuliwa bomba la moshi, nzito vilevile. DT-1 ilianza upya, ikabeba kilichohitajika tu, na kundi zima la pikipiki za lami na vumbi likazaliwa nyuma yake. Sisi Afrika Mashariki tuliujua uzao huo kazini. Yamaha DT125 na Honda XL125 zilikuwa pikipiki za bwana shamba, za mganga wa kliniki ya mbali, za padri mwenye vigango kumi. Hakuna aliyeziuliza kama zinafika 120. Ziliulizwa kama zitavuka tope la masika na kurudi, na kama fundi wa senta ataweza kuzifungua.

Pingamizi zito zaidi linahusu kabureta. Wanaoipinga wanasema kuuza pikipiki ya kabureta wakati injekta zimeenea ni kumuuzia mnunuzi teknolojia ya zamani, na wana ushahidi. Kwenye njia za milima ya Colorado zinazopita mita 3,000, uzito wa hewa hushuka hadi karibu robo tatu ya ule wa usawa wa bahari. Injekta hupunguza petroli yenyewe. Kabureta huendelea kumwaga kipimo kilekile, injini ikasongwa na petroli nyingi na kudhoofika zaidi ya ilivyolazimika. Lipo tatizo la pili, nalo ni la kimyakimya. Ndani ya kabureta kuna jeti ya mwendo wa taratibu yenye tundu jembamba kuliko nusu ya milimita. Petroli yenye ethanoli, ambayo ndiyo ya kawaida Marekani, ikikaa kipupwe kizima kwenye bakuli la chini huacha utando unaoliziba tundu hilo, na masika yanapofika injini hukataa kutulia. Haya yote ni kweli. Jibu langu ni kwamba ugonjwa huu unaonekana kwa macho na unatibika kwa mikono. Skrubu ya chini ya bakuli hufunguliwa pikipiki ikiegeshwa, petroli hutoka, na ugonjwa hauanzi. Mwenye injekta iliyokufa humtegemea mwenye kompyuta. Kwa anayeishi usawa wa mita 3,000, pingamizi linasimama. Kwa wengine wengi, ni usumbufu wa dakika kumi kila mwaka.

Breki ni suala lingine ambalo silipuuzi. Mbele kuna diski, nyuma dramu, na ABS hakuna. Breki ya dramu ya nyuma haina pampu wala mpira wa kupasuka, na kwa uzito huu inatosha. Kukosekana kwa ABS ni hasara halisi kwenye lami iliyolowa, na hapa gharama ya kuacha imetoka nje ya kasi ikagusa usalama. Nusu ya hasara hiyo hufidiwa na mazoezi ya kubana breki ya mbele hatua kwa hatua kwenye uwanja mtupu. Nusu nyingine haifidiwi, na mnunuzi aijue kabla ya kusaini. Wapo pia wanaosema kwa fedha hizo bora pikipiki kubwa iliyotumika. Kwa fundi mzoefu, sawa. Asiyejua kusoma mlio wa injini hununua na madeni ya mwenye kwanza, na bei ya duka ya XR150L inajumuisha jambo ambalo mtumba haulitoi: historia inayoanzia kilomita sifuri.

Kishawishi cha wiki za mwanzo ni kurudisha vilivyoachwa kimoja kimoja: springi ngumu, gurudumu la inchi 21, bomba jipya la moshi. Kila kimoja kina sababu yake, lakini vikijumlishwa vinajaza lile pengo la dola 2,000 na kuacha injini ileile ya farasi 12. Fedha ya kwanza iende kwenye tairi zinazofaa njia, kisha kofia na buti nzuri. Baadaye mmiliki aandike safari zake za mwezi mmoja: umbali, aina ya barabara, kasi aliyoihitaji. Zikiwa nyingi za barabara kuu, methali ilikuwa sahihi na alipaswa kulipa zaidi. Zikiwa za mitaa, mashamba na msitu, ataona kwamba vilivyoachwa kiwandani ni vitu ambavyo angevibeba kila siku bila kuvitumia.