Deki ya Mtumba na Hesabu ya Kilomita

Anayetafuta deki ya video Nsambya, Kampala, leo huanza na swali la chapa. Panasonic au JVC? Sony au Samsung? Hilo ni swali la mtu anayenunua kitu kipya, na deki mpya hakuna. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kuzitengeneza, iliacha kazi hiyo Julai 2016, miaka arobaini tangu JVC ilipoingiza VHS sokoni mwaka 1976. Kila deki inayouzwa ni ya zamani, na karibu kila moja imeshafanya kazi mahali fulani. Kinachonunuliwa basi si sanduku wala jina lililoandikwa usoni pake, bali umri uliobaki kwenye vichwa vyake vya kusomea ukanda, na umri huo hausomwi kwenye chapa. Husomwa kwenye kazi ambayo mashine imekwisha kuifanya. Mnunuzi wa Nsambya, nadhani, ana ushahidi wa kutosha kuukadiria kabla hajatoa shilingi yoyote, ilimradi aziache kanda zilizoko nyumbani kwake zimchagulie deki, asimwachie muuzaji.

Tuanze na kile kinachochakaa. Ukanda wa VHS una upana wa milimita 12.7, na katika mfumo wa PAL, unaotumika Uganda, hupita polepole mno: milimita 23.39 kwa sekunde, chini ya nusu ya mwendo wa kaseti ya muziki. Kwa mwendo huo wa kinyonga picha isingeandikika kamwe. Ujanja wa waliobuni VHS ulikuwa kuvizungusha vichwa vyenyewe. Ngoma ya chuma yenye kipenyo cha milimita 62, iliyoinamishwa kidogo, huzunguka mara 25 kwa sekunde huku ukanda umeikumbatia nusu yake, na kila kichwa kinapopita huchora mstari wa mshazari mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, mikroni 49. Sasa tupige hesabu. Ukingo wa ngoma hiyo hukimbia karibu mita 4.9 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 17 kwa saa, na kwa kuwa vichwa viwili hupokezana, kila kimoja husugua ukanda kilomita nane na ushei kila saa. Deki iliyosimamishwa kwa muda, picha ikiwa imeganda kwenye kioo, haijapumzika hata kidogo: vichwa vinaendelea kusugua, tena palepale.

Hesabu hiyo tuipeleke kwenye kibanda cha video, kile kilichowalea vijana wengi wa Kampala kwa filamu za kivita na sauti ya VJ akifasiri kwa Kiganda. Kibanda kinachoonyesha filamu tano za saa mbili kwa siku kinakisugulisha kila kichwa zaidi ya kilomita 85, umbali unaopita wa kutoka Kampala hadi Jinja, na kesho yake safari ni ileile. Fikiria pia vumbi la sakafu ya udongo, umeme unaopanda na kushuka, na kanda zilizonakiliwa kutoka nakala za nakala. Deki kama hiyo inaweza kuwa ya chapa bora kuliko zote na bado ikawa imekwisha. Kinyume chake, deki ya kawaida iliyokaa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, ikatolewa mara moja kwa muhula, huenda haijafika hata robo ya uhai wake. Ndiyo maana mtu akiambiwa bei, swali la kwanza liwe deki ilikuwa ya nani na ilikuwa inafanya nini. Muuzaji anaweza kudanganya, lakini mashine haina kinywa cha kudanganyia: vitufe vilivyofutika maandishi, mlango wa kaseti uliolegea na skrubu zilizotafunwa na bisibisi ni ushahidi wa kazi nyingi na mafundi wengi.

Baada ya vichwa, kanda. Nsambya ina historia yake ya kuwekwa kwenye VHS. Mwaka 1993 peke yake Papa Yohane Paulo wa Pili alizuru Uganda mwezi Februari, akafika hadi kwa wagonjwa wa Hospitali ya Nsambya, na Julai 31 Kabaka Mutebi wa Buganda akatawazwa huko Naggalabi. Miaka miwili kabla, SC Villa, timu ambayo jina lake limebaki kwenye uwanja wa Villa Park hapahapa Nsambya, ilicheza fainali ya klabu bingwa Afrika dhidi ya Club Africain ya Tunisia. Hiyo ndiyo miaka ambayo kamera ya VHS ilikuwa begani kwa kila mpiga picha wa harusi. Kanda zilizorekodiwa hapa ni za PAL na deki yoyote ya PAL itazisoma. Taabu iko kwenye kanda zilizotumwa na ndugu. Ya kutoka Boston ni ya mfumo wa NTSC: ukanda wake hupita kwa milimita 33.35 kwa sekunde na ngoma huzunguka mara 30, kwa hiyo deki ya PAL tupu itaitoa picha iliyovurugika na sauti inayoburuta kama ya mlevi. Ya kutoka Kinshasa huenda ni ya SECAM, na hapo utaiona harusi nzima bila rangi. Mwenye kanda za namna hizo anahitaji deki ya mifumo mingi, na ni hapo tu ndipo inafaa kulipia zaidi.

Deki iliyotoka Uingereza ina mtego wake, na huu huwafanya watu watupe mashine nzima. Picha kwenye ukanda wa Uingereza ni PAL ileile ya kwetu. Kinachotofautiana ni masafa ya sauti kwenye waya wa antena: kule sauti huwekwa megahezi 6 juu ya picha, kwetu 5.5. Ukiiunga deki ya London na runinga ya zamani ya hapa kwa waya wa antena, picha itatoka safi na sauti itakuwa mvumo tu, na fundi asiye makini ataanza kufungua kifuniko. Dawa ni waya wa AV wa rangi tatu, basi. Deki kama hiyo, iliyoshushwa bei kwa sababu ya "ububu", inaweza kuwa ndiyo ununuzi bora wa siku. Kwa mantiki hiyohiyo, deki isiyonasa stesheni isikutishe: matangazo ya analojia yalizimwa Kampala Juni 2015, na hakuna cha kunasa. Ya Marekani, hata hivyo, ina hoja ya umeme. Imeundwa kwa volti 120, na kuichomeka moja kwa moja kwenye 240 za hapa ni kuizika.

Sauti ina siri nyingine. Deki za Hi-Fi huandika sauti kwa vichwa vinavyozunguka, chini ya picha, lakini pembeni mwa ukanda hubaki njia ya sauti ya kawaida. Mtu aliyeongeza sauti baadaye juu ya kanda iliyokwisha kurekodiwa, awe VJ au msimulizi wa harusi, aliweza kuiandika kwenye njia ya pembeni tu, kwa sababu ile ya Hi-Fi haifutiki bila kuifuta picha. Deki inayochagua Hi-Fi yenyewe na haina kitufe cha kubadilisha inaweza kukuchezea Kiingereza cha awali, ukadhani VJ amefutika.

Watakaopinga wana hoja nzuri. Kwa nini mtu ajisumbue, wakati studio za mjini zinahamisha kanda kwenye diski au flashi? Kwa kanda mbili tatu, wako sahihi, na mimi sina ubishi. Lakini studio nayo inatumia deki ya mtumba ambayo hujui imesafiri kilomita ngapi, na kanda inayosumbua hupitishwa mara moja tu kisha ukarudishiwa chengachenga. Mwenye deki yake atairudia kanda hiyo mara tano, akirekebisha trakingi, yaani ulinganifu wa vichwa na mistari ya ukanda, polepole mpaka mistari itulie. Wengine husema kichwa kikiisha fundi wa mtaa wa Katwe atakibadilisha. Mikono anayo, tena mizuri. Tatizo ni kichwa, maana spea nyingi zinazopatikana zimetolewa kwenye deki nyingine iliyokufa, na mara nyingi bei ya kazi hukaribia bei ya deki nzima. Anachoweza kufanya kwa uhakika ni kubadilisha mikanda ya mpira, kusafisha rola na kuondoa kapasita zilizovimba. Deki inayomeza kaseti kwa kusitasita lakini ikatoa picha kali ni ya kununuliwa. Ile inayomeza vizuri na kutoa picha yenye chenga hata baada ya vichwa kusafishwa kwa spiriti safi, iachwe hapohapo kwenye meza.

Majaribio yafanyike na kanda mbili zisizo na thamani, kamwe si ya harusi ya wazazi: moja iliyorekodiwa kwa mwendo wa kawaida, nyingine kwa mwendo mrefu, kwa sababu mistari ya mwendo mrefu ni nusu ya upana na huumbua kichwa kilichochoka. Ichezwe hadi mwisho, irudishwe nyuma, ichezwe tena, kisha ukanda utazamwe pembeni kama umekunjika. Nyumbani, kanda zipangwe kabla ya kuingizwa. Zenye unga mweupe unaoonekana kwenye dirisha la kaseti ni za kuvu, ambayo unyevu wa Kampala huistawisha vizuri, na unga huo hubaki kwenye vichwa na kuhamia kwenye kanda inayofuata. Hizo zichezwe mwisho kabisa, au zitafutiwe deki ya pili, ile ya bei ya chini iliyotoka kibandani.