"Faini" au "Fidia"? Kasoro ya Istilahi katika Mikataba ya Ujenzi

Tangu mwaka 2021, sheria ilipotamka kuwa Kiswahili ni lugha ya sheria za Tanzania, kazi ya kuunda istilahi za mikataba imetoka mikononi mwa wanaisimu peke yao ikaingia katika ofisi za wanasheria na vyumba vya zabuni. Twafurahia jambo hilo. Lakini kosa la istilahi lililomo katika mkataba lina gharama ambayo kosa la kamusi halina.

Tunakusudia kulitazama neno moja hasa, nalo ni "faini", kama litumiwavyo na makandarasi, na hata baadhi ya wahandisi, kwa maana ya kiasi anachokatwa mkandarasi kwa kila siku ya kuchelewa. Tuchukue mfano wa mkataba wa kujenga shule kwa shilingi milioni 200, ambamo pande mbili zimekubaliana makato ya asilimia 0.1 ya bei kwa siku. Akichelewa siku 30, mkandarasi atakatwa shilingi milioni 6. Makato hayo ndiyo yaitwayo "faini ya kuchelewa".

Faini ni adhabu. Hutozwa na mahakama, au na mamlaka iliyopewa uwezo huo na sheria. Chini ya Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997, afanyaye kazi ya ukandarasi bila kusajiliwa na Bodi hutenda kosa, na akitiwa hatiani anaweza kutozwa faini iliyo faini kweli. Mkandarasi aliyesajiliwa akachelewa hakutenda jinai. Amevunja sharti la mkataba, na mwenye kazi anastahili kufidiwa hasara yake.

Wako watakaosema kwamba fedha ni zile zile. Sivyo. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba chaeleza kwamba mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa endapo utavunjwa, aliyevunjiwa atapata fidia ya kadiri isiyozidi kiasi hicho, hasara halisi ithibitishwe au isithibitishwe. Kiasi kilichotajwa, basi, ni ukomo. Mkandarasi mdogo aaminiye kwamba ametozwa faini hulipa akanyamaza. Ajuaye kwamba ni fidia aweza kuuliza kama siku zote 30 zilitokana naye, au 12 kati yake zilipotea akingojea michoro ya mwenye kazi.

Kwa hiyo twaunga mkono "fidia ya ucheleweshaji", ambayo tayari imo katika baadhi ya mikataba. Ina upungufu mmoja: haionyeshi kwamba kiasi kilikadiriwa kabla. "Fidia kadiriwa ya ucheleweshaji" ingekidhi haja hiyo, ingawa twakiri ni nzito ulimini.

Kasoro ya namna hiyo hiyo tunaiona katika "muda wa matazamio", yaani ile miezi baada ya makabidhiano ambamo mkandarasi hutakiwa kurekebisha hitilafu kwa gharama yake. Neno "matazamio" laashiria kutazama tu, na wafanyakazi wapya nao huwa katika matazamio. Wajibu, ambao ndio kiini cha dhana, haumo. Hapa "kipindi cha dhima ya kasoro" ni bora.

Juu ya "dhamana" hatuna ugomvi. Ingawa hutumika kwa mshtakiwa na kwa benki, vijalizo vyake (ya zabuni, ya utekelezaji, ya malipo ya awali) vyatosha kuitenga. Wala hatumlaumu jirani yetu wa Kenya asemaye "mwanakandarasi" pale tusemapo "mkandarasi", maana hakuna apotezaye haki kwa tofauti hiyo.

Limebaki "zuio", litumiwalo kwa sehemu ya malipo inayoshikiliwa hadi kasoro zirekebishwe, na papo hapo kwa amri ya mahakama ya kusimamisha kazi. Mkandarasi aliyeandikiwa barua ya "zuio" bila kijalizo hana namna ya kujua kama aendelee kujenga. Twapendekeza "fedha shikiliwa" kwa maana ya kwanza, na "zuio" liachiwe mahakama.